Ndoa ya Mlimani: Wazee Kwanza, Bomani Pili, Mlima Mwisho

Kila nikitaja kwamba sisi harusi yetu tuliifanyia kwenye kreta ya Maundi, pale juu ya kambi ya Mandara mlimani Kilimanjaro, bila kamati, bila ukumbi na bila MC, simu huanza kulia. Wengi ni vijana wa hapa Moshi na Arusha waliochoshwa na vikao vya bajeti. Wengine wako mbali, Nairobi, Muscat, Ujerumani, na wanataka kuja kuoana kimyakimya chini ya Kilimanjaro kisha warudi zao. Karibu wote huanzia kwenye mlima: mahali gani pana mandhari nzuri, gauni gani linafaa. Ndugu zangu, mlima ndio kipengele chepesi kuliko vyote.

Hapa kuna shughuli tatu, na kila moja inataka siku yake. Kuna ya wazee, kuna ya serikali au dini, na kuna ya mlimani. Ukizirundika zote siku moja, utajikuta kileleni mwa kichuguu unabishana na mjomba kwenye simu huku mtandao ukikatika.

Tuanze na wazee. Kuoana mbele ya watu wachache si kutoroshana, na huku kwetu Uchagani tofauti hiyo inaonekana mapema. Mtu akisikia binti kaolewa porini bila taarifa, anachohesabu ni faini, si mandhari. Kwa hiyo mahari yatangulie. Mume wangu ni Msukuma, na mshenga wake alipandishwa Marangu kwa wazee kama washenga wengine wote: mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, mablanketi yakafika kwa bibi, mbuzi wa mjomba akatajwa kwa jina lake. Baada ya hapo, tulipowaambia kwamba hatufanyi harusi kubwa, walinung'unika, lakini hakuna aliyesema tumemkwepa. Waliokwisha kula mahari hawana haraka ya kukasirika.

Jambo ambalo vijana hawalioni ni daftari. Mama yangu ana daftari la kava gumu, limechakaa kwenye kona, ambamo ameandika michango yote aliyotoa kwenye harusi za watu tangu mimi niko sekondari: jina, kiasi, na pembeni alama ya vema kwa waliokwisha kurudisha. Nilipomwambia hakutakuwa na kadi wala kamati, alilifungua mbele yangu bila kusema neno, akapitisha kidole kwenye majina yasiyo na vema. Alikuwa na haki. Wewe unaona umeokoa fedha. Yeye anaona watu wamesamehewa madeni bila yeye kuulizwa. Tuliafikiana kwamba Desemba, Wachaga wanapopanda nyumbani, tutafanya shughuli ya mgombani: mtori wa ndizi, ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma), mbege, na matarumbeta kwa saa chache kwa sababu baba alisisitiza. Waliotaka kurudisha wakarudisha kwa mama mwenyewe, nasi hatukugusa hata senti. Kama wazazi wako wamechangia watu maisha yao yote, watafutie njia kama hiyo kabla hujatangaza uamuzi wako.

Ya serikali sasa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mtoe taarifa ya kusudio la kuoana kwa msajili siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa. Taarifa hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na siku yenyewe mnahitaji mashahidi wasiopungua wawili. Kwa ndoa ya bomani mnaenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kwa mnaotoka nje, hizo siku 21 ndizo zinazovuruga likizo, maana unakuta mtu kakata tiketi ya wiki mbili ndipo anauliza. Ipo leseni maalumu ya Msajili Mkuu, kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili, inayoweza kuwaondolea sharti la taarifa, lakini iombeni mapema mkiwa kwenu, pamoja na vyeti vya kuzaliwa, pasipoti na uthibitisho kwamba hamna ndoa nyingine. Aliyewahi kuachana aje na hati yake ya talaka. Ulizeni pia nchi yenu inataka cheti cha Tanzania kithibitishwe vipi ili kitambulike huko; hilo mlifanye kabla ya kupanda ndege ya kurudi.

Wenzetu Waislamu wana nafuu: sheikh mwenye leseni, walii na mashahidi wakiwepo, mahali si tatizo kubwa. Wakatoliki wao wajue kwamba ndoa hufungwa kanisani, na ya nje hutaka ruhusa ya askofu. Mimi nilifungia bomani siku ya kazi, nimevaa kitenge, tukatoka tukala chipsi kuku. Ukishakuwa na cheti mkononi, mlimani hakuna tena cha kuogopa. Mvua ikinyesha, mmeshaoana.

Na mlima wenyewe? Kwanza ondoeni wazo la Uhuru, kilele chenyewe cha Kilimanjaro. Watu hulipenda kwa sababu ya picha, lakini safari ya kileleni huanza usiku wa manane, baridi iko chini ya sifuri, na kwenye mita 5,895 hewa unayovuta ina karibu nusu tu ya oksijeni ya usawa wa bahari. Nimefanya kazi na watalii miaka ya kutosha kuona maharusi waliofika juu wakashindwa kukumbuka viapo vyao wenyewe. Bwana harusi anayetapika hapendezi, hata akiwa na tai.

Maundi inatosha, na kwangu mimi inaizidi Uhuru. Kutoka geti la Marangu ni mwendo wa saa kama tatu ndani ya msitu, mbega wakiwachungulia juu ya miti, mpaka Mandara kwenye mita 2,720. Hapo mnalala. Asubuhi mnapanda kama robo saa, mnatokea kwenye ukingo wa kreta: vilele vya Kibo na Mawenzi upande mmoja, upande mwingine nyika ya Kenya na Ziwa Chala. Lazima iwe asubuhi, kwa sababu kufikia saa nne au tano mawingu huwa yamekwisha kupanda na mlima umejificha. Epukeni masika, Machi hadi Mei, na vuli ya Novemba.

Hii ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo lipeni viingilio, mwe na mwongozaji, na mwombe kibali cha shughuli yenyewe kabla kwa KINAPA, wasimamizi wa Hifadhi ya Kilimanjaro. Maua hayachumwi, tulinunua waridi mjini, likapanda ndani ya ndoo ndogo aliyoibeba mpagazi kwa heshima zote. Droni ina kibali chake. Gauni livaliwe juu, si njiani. Na pete, jamani, pete! Ukipanda, vidole huvimba. Mume wangu alinisukumia yangu mpaka kifundo cha pili ikagoma, mwongozaji akatoa mafuta ya kupaka midomo, ikaingia kwa kelele za wapagazi wote. Pimeni kubwa kidogo, au ning'inizeni kwenye mkufu mpaka mshuke.

Wapagazi hao msiwahesabu kama wabeba mizigo tu. Kwenye shughuli ya watu kumi na wachache ndio kwaya, ndio wapambe, na mmoja wao ndiye aliyetupigia picha nzuri kuliko zote. Bahasha yao iwe nene kuliko ya safari ya kawaida, na ikabidhiwe mbele ya wote.

Suala la picha: msiziweke Instagram kabla hamjawapigia shangazi zenu. Wa kwangu nilimpigia kutoka getini, buti bado ziko miguuni. Alipiga vigelegele mpaka nikaitoa simu sikioni, kisha akauliza ndafu tulikatia wapi.