Kitanda kwanza, injini baadaye: kuchagua kabini ya madereva wawili

Saa kumi na moja alfajiri, tumeshaiacha Kaliua tunaitafuta Malagarasi, nilisinzia kwenye usukani wa lori. Sijui usingizi ulinichukua wapi. Ninachokumbuka ni mkono wa shemeji yangu begani, sauti yake ikiniita, na majani marefu ya kando ya barabara yakipiga bampa. Nyuma tulikuwa tumebeba saruji ya mteja wa Kigoma. Nilirudisha gari barabarani, nikaliegesha, tukakaa kimya wote wawili mpaka kukapambazuka.

Kosa halikuanzia Kaliua. Zamu yangu ya kulala ilianza Dodoma, jua likizama, na ilikuwa iishe Tabora saa nane za usiku. Saa saba nzima nilikuwa kitandani, na sikulala. Kila tulipokanyaga rasta za kuingia kijijini, vile vituta vidogo vinavyofuatana, godoro lilinirusha. Kila gari lililotoka mbele lilimulika mpaka kwenye kope zangu, kwa sababu pazia lilikuwa kipande cha khanga. Nilipopokea usukani Tabora nilinawa uso, nikanywa chai ya rangi kwa mama lishe, nikamwambia shemeji niko sawa. Sikuwa sawa. Na yeye alipopanda kitandani, kitanda kilimkataa kama kilivyonikataa mimi. Ndiyo maana alikuwa macho kuniona ninavyoinamisha kichwa.

Kile kichwa cha lori, yaani sehemu ya mbele yenye injini na kabini, tulikinunua mimi na yeye kwa akiba ya miaka, kwenye yadi moja Dar es Salaam. Tulikagua injini, giaboksi, difu na matairi. Fundi alilala chini ya gari nusu saa. Hakuna kati yetu aliyelala kitandani hata dakika moja.

Tangu siku ile nimebadilisha gari, na nimewasaidia wenzangu kadhaa wa Tabora na Kasulu kuchagua yao. Naandika kwa wale wanaofanya safari ndefu wakiwa wawili, iwe ni Dar na Kigoma, iwe ni kuvuka Manyovu kwenda Burundi. Dereva wa peke yake anaegesha ndipo alale. Ninyi wawili mmoja analala gari linatembea. Hiyo ni kazi nyingine kabisa kwa kitanda, na kabini nyingi tunazouziwa hazikufikiriwa kwa kazi hiyo.

Sababu yake iko kwao zilikotoka. Scania, Volvo FH, DAF XF na Actros nyingi tunazoziona hapa zimetengenezwa kwa ajili ya Ulaya. Kule sheria inamtaka dereva apumzike kwenye gari lililosimama. Kukaa pembeni ya mwenzako au kulala nyuma wakati yeye anaendesha hakuhesabiwi kuwa mapumziko ya siku. Tena zilipobuniwa, urefu wa gari na semitrela yake ulikuwa na kikomo, mita 16.5, kwa hiyo kila sentimita iliyoongezwa kwenye kabini ilitolewa kwenye mzigo. Wakaamua kupandisha kabini juu badala ya kuirefusha nyuma. Ndiyo maana vitanda vyao viko viwili, kimoja juu ya kingine, vimelazwa kwa upana wa gari nyuma ya viti. Ni vitanda vizuri sana gari likiwa limezimwa.

Marekani ni tofauti, na nilielewa hilo kwa binamu yangu anayeendesha kule na mwenzake. Sheria yao inamruhusu dereva kuendesha hadi saa 11 baada ya kupumzika saa 10, na mwenzake akiwa kitandani wakati gari linatembea, muda ule unahesabiwa. Kwa hiyo wakipokezana, gari linaweza kutembea karibu mchana na usiku. Kitanda chenyewe kimewekewa vipimo vya sheria: urefu usipungue inchi 75, upana inchi 24, na nafasi juu ya godoro inchi 24. Zaidi ya hapo, lazima kiwe na kitu cha kumzuia aliyelala asirushwe nje ya kitanda gari linapofunga breki. Binamu alinitumia picha: wavu mpana wa mikanda, unafungwa ukishalala. Nyuma ya viti vyao kuna chumba kizima, chenye friji, meza ya kukunja, kabati la nguo, na baadhi vina hadi sinki na choo. Zile pua ndefu, malori yenye injini mbele ya kabini, zenye chumba kama hicho huonekana mara moja moja kwenye barabara zetu. Sishauri uzitafute kwa ajili ya chumba tu. Vipuri vyake ni vigumu kupata ukishapita Dodoma, mengi yana usukani wa kushoto, na uzito wa chumba unaingia kwenye mizani pamoja na mzigo wako. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inaishia tani 56 kwa gari zima. Nilichochukua kwa binamu ni yale mambo mawili: vipimo na wavu.

Basi ukifika yadini, vua viatu upande ulale. Lala kwenye kitanda cha chini, kwa sababu ndicho kitakachotumika gari likitembea. Cha juu kiacheni mpaka mmeegesha. Gari likifunga breki ghafla, aliyelala juu anaangukia usukani au kioo, na hakuna ujuzi wa dereva unaoweza kuzuia hilo. Hii kwangu si suala la kujadili, hata kama kitanda cha juu kina godoro zuri zaidi.

Nyosha miguu. Mtu wa futi sita akilazimika kukunja magoti, atalala tripu ya kwanza na ya pili, ya tatu mgongo utamuuma. Beba futi kamba yako upime. Mimi nataka upana wa sentimita 70 kwenda juu, na urefu usiopungua mita 1.9. Angalia kama kitanda ni kipande kimoja au kimekatwa katikati ili kikunjwe kiwe kiti. Kile cha vipande kinapendeza machoni, lakini pale kwenye maungio ndipo nyonga yako inapokaa usiku kucha.

Ukiwa umelala hivyohivyo, mwombe mtu awashe injini, akanyage mafuta, kisha afungue na kufunga mlango. Sikiliza. Mngurumo unaotoka chini ya godoro unamaanisha sponji ya kuzuia sauti juu ya injini imekwisha, au mfuniko wa injini haukai sawa. Mluzi wa upepo ni raba za milango. Vyote vinatengenezeka kwa gharama ndogo, ila ujue kabla ya kukubaliana bei. Ukisikia harufu ya moshi wa dizeli hapo kitandani, ondoka. Moshi unaoingia kabini unamlewesha aliyelala bila yeye kujua, na anaweza asiamke.

Halafu omba jaribio la barabarani, na hapa ndipo watu wanaponishangaa: mwache mwenzako aendeshe, wewe ubaki kitandani. Pitisheni gari kwenye rasta na kwenye matuta. Kabini imekaa juu ya springi au mabegi ya upepo yake yenyewe, mbali na springi za chasisi. Mabegi yakiwa mazima, ukiwa umelala utahisi kama mtumbwi unaopanda wimbi na kushuka. Yakiwa yamekufa, au shokapu za kabini zikiwa zimevuja, utahisi kila kokoto ya barabara kwenye mbavu. Dereva kwenye kiti cha upepo hawezi kukuambia tofauti, kiti chake kinamficha. Gari letu la kwanza lilikuwa na kiti kizuri sana. Shokapu za nyuma za kabini zilikuwa kavu, mafuta yake yote yamevuja, na sisi tuliomsikiliza dalali tukiwa tumekaa vitini tulisifia jinsi linavyotulia.

Howo, yale malori ya Kichina, zinahitaji neno lake, maana ndizo wengi wetu tunazoweza kuzifikia. Zipo zenye paa la chini na zipo zenye paa la juu. Kwa watu wawili, subiri upate ya paa la juu. Si kwa sababu ya kitanda cha pili tu, bali ili mtu aweze kusimama avae suruali bila kumpiga dereva kiwiko. Jambo hilo dogo, mara nne kwa siku, ndani ya wiki mbili, ndilo linalogombanisha watu. Kwenye hilo nazipenda Actros zenye sakafu iliyonyooka. Unavuka kutoka kiti hadi kiti bila kuruka kigongo cha injini katikati.

Joto na wadudu wa huku kwetu navyo vina lao. Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai utatafuta blanketi zito. Ukishuka Kigoma ziwani uko chini kwa zaidi ya mita 400, na Oktoba godoro linakuwa kama limemwagiwa maji. Katikati yake kuna misitu ya miombo yenye mbung'o. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea, na gari linalopita polepole kwenye vumbi wanalifuata mpaka dirishani. Miaka ile kipande cha Uvinza na Malagarasi kilikuwa bado vumbi, nilishaona mwenzangu anaamka na mikono imevimba. Kwa hiyo kiyoyozi cha gari, kile kinachotumia injini, kwetu si anasa. Kinawawezesha kufunga vioo mchana huku mmoja amelala. Usikubali maneno ya "gesi tu imeisha". Gesi haiishi bila kuvuja. Wajaze mbele yako, urudi kesho yake uone.

Mkiegesha usiku, adui ni mbu. Fundi cherehani wa sokoni Tabora alinishonea nyavu mbili za madirisha zenye lastiki, unavisha mlango kwa nje kama foronya, kisha unafunga mlango. Kioo kinashuka, upepo unaingia, mbu anabaki nje. Ongeza feni ndogo ya volti 24. Watu wengi huacha injini inanguruma usiku kucha ili wapate ubaridi, na injini kubwa ikinguruma gari limesimama inakunywa kama lita tatu kwa saa. Saa nane za kulala ni lita 24 za dizeli, kila usiku.

Umeme ndio ulioniunguza mfukoni kuliko vyote. Malori yetu yana betri mbili za volti 12 zilizoungwa kuwa 24. Mtu akitaka kuwasha redio au friji ya volti 12, fundi anavuta waya kwenye betri moja. Inafanya kazi. Lakini betri ile inashuka kila siku, nyenzake inabaki imejaa, na chaji ya gari haiwezi kuzisawazisha. Baada ya miezi michache moja imekufa na ya pili imechemka. Betri zangu mbili ziliishia hivyo, na gari likagoma kuwaka Urambo tukiwa na tumbaku juu. Nunua kibadilishi cha kushusha 24 kuwa 12, au tafuta vifaa vya volti 24 tangu mwanzo. Ukikuta gari lina kiyoyozi cha kuegeshea juu ya paa, kile cha betri, piga hesabu kabla ya kufurahi: kikila ampea 25 muda wote, saa sita ni ampea-saa 150, na asubuhi bado unahitaji nguvu ya kuwasha injini. Bila betri za pembeni na kifaa cha kukata umeme betri zinaposhuka, kitakuacha porini.

Friji ndogo ya chini ya kitanda ni nzuri, sitaki kusema uongo. Maji baridi na migebuka ya kukaanga inayofika Tabora haijaharibika, hilo linamtuliza mtu. Kupika, hata hivyo, ni nje. Boksi la chuma ubavuni mwa tela, mtungi wa gesi wa kilo sita umefungwa mkanda, sufuria na dumu la maji. Msiwashe jiko ndani ya kabini, la gesi wala la mkaa, hata mvua ikinyesha, hata kama ni kuota moto tu mwezi wa saba. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukushtua, na kabini ni ndogo.

Mwishowe kuna mwenzako mwenyewe. Kaeni chini kabla ya kununua muulizane: nani ana usingizi mwepesi, nani anavuta sigara, nani anaongea na simu kwa sauti. Shemeji yangu haimbi akiendesha tena, anasikiliza redio kwa sikio moja. Mimi nimejifunza kupunguza mwendo kabla ya rasta, si juu ya rasta, kwa sababu najua nani yuko nyuma. Kila mmoja ana shuka lake na sanduku lake la nguo. Ikiwa macho ni mazito, zamu au si zamu, tunaegesha. Tulikubaliana hilo palepale kando ya barabara, jua linatoka.

Kama fedha iliyobaki baada ya kununua gari ni kidogo, anza na godoro la sponji ngumu la inchi nne lililokatwa kwa kipimo cha kitanda chako, na pazia zito jeusi linalofunga kutoka paa hadi sakafu. Hivyo viwili havizidi bei ya tairi moja. Kinachofuata ni shokapu na mabegi ya kabini, kisha wavu wa kitanda. Huo wa kwetu tulishonewa kwa mikanda ya kufungia mzigo, ukafungwa kwa boliti kwenye chuma cha kabini, si kwenye plastiki. Friji iwe ya mwisho. Godoro letu la sasa limemaliza miaka miwili na limeanza kubonyea mahali shemeji anapoweka bega. Tukirudi kutoka Kigoma safari hii tunapitia sokoni kukata lingine.