Damu Kwenye Mkojo Haina Jina Mpaka Ipimwe

Nilikojoa damu mara mbili bila maumivu, nikanunua dawa ya kichocho dukani, ikakata. Je, nimepona? (Msomaji, Temeke)

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na kila mara huletwa na mtu aliyekwisha kumeza vidonge. Damu kwenye mkojo yaweza kutokana na kichocho, lakini pia na saratani ya figo, na hiyo ya saratani huja na kukata yenyewe, kwa hiyo kukata kwake baada ya dawa hakuthibitishi lolote. Prazikwanteli ni dawa nzuri ya kichocho, lakini mayai ya kichocho hutafutwa kwa hadubini kwenye mkojo. Wewe hukupimwa, hivyo ulichotibu ni dhana. Tena kichocho cha muda mrefu nacho huweza kuzaa saratani, ingawa hiyo ni ya kibofu. Kapime mkojo na ultrasaundi, na kama unavuta sigara au una shinikizo la damu, usingoje damu irudi.

Je, maji mengi na mitishamba ya kusafisha figo huondoa uvimbe? (Ubungo)

Hapana.

Daktari anataka kuniondoa figo bila kunipa mionzi wala dripu za saratani kwanza. Ana haraka ya nini? (Kinondoni)

Saratani ya figo iliyozoeleka kwa watu wazima huanzia kwenye mirija midogo ndani ya figo, na haisikii vizuri dawa za kemikali za kawaida wala mionzi, ndiyo maana kisu huwa tiba kuu pale inapokuwa haijasambaa. Muulize kama uvimbe ni mdogo kiasi cha kukatwa peke yake, figo ikabaki. Ikibidi kuondolewa yote, figo moja yenye afya hutosha, mradi presha usiiache ikaiharibu.

Mwanangu wa miaka 3 amevimba tumbo upande mmoja. Bibi yake asema ni bandama, humkanda kwa mafuta. (Mama, Mbagala)

Mama, mwombe bibi aache leo, na chale asichanjwe. Huenda ni bandama kweli, lakini watoto wa umri huu ndio hupata uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ambayo ikikandwa yaweza kupasuka na kumwaga seli zake tumboni. Tofauti na ya wakubwa, hii husikia sana dawa za kemikali zikiambatana na upasuaji, na watoto wengi wanaowahishwa hupona. Mpeleke hospitali leo, uulizie rufaa ya Muhimbili kwenye huduma ya saratani za watoto, na usimfiche daktari kwamba tumbo limekuwa likikandwa.