Whittle hakuiokota injini

SWALI: Naandaa makala kuhusu injini ya kwanza ya jeti ya Uingereza. Frank Whittle nimwite mgunduzi, mvumbuzi au mbuni wake? Mhariri wangu hataki "mbuni", eti wasomaji watadhani ni yule ndege asiyeruka.

JIBU: Mhariri nitamfikia. Kwanza huyu "mgunduzi", ambaye amenikera miaka nenda miaka rudi. Fulani kagundua simu, fulani kagundua baiskeli. Zilikuwa zimefichwa wapi? Kinachogunduliwa kilikuwapo tayari: kisima, ugonjwa, uongo wa mume. Nikisoma "Whittle aligundua injini ya jeti", namwona yuko mjini Rugby, Uingereza, anafyeka majani, panga linagonga chuma, anafukua, anapangusa udongo: kumbe injini! Labda na mafuta imeshajazwa.

Bwana huyu aliombea wazo lake hataza, ile hati ya kisheria inayomlinda mwenye wazo lisiigwe, mwaka 1930. Mwaka 1935 hataza ikafa kwa kukosa pauni 5 za kuihuisha. Injini yenyewe haikuwaka hadi tarehe 12 Aprili 1937. Miaka yote hiyo ya hesabu na michoro ndiyo kubuni.

Kugundua nako kulikuwapo, ila mahali pake. Katika majaribio yale ya mwanzo, injini ilizidi kupandisha mwendo hata baada ya Whittle kufunga mafuta, na waliokuwa karibu wakatimua mbio. Baadaye wakagundua kwamba mafuta yalikuwa yamevuja na kutuama ndani yake. Hapo sina neno: dimbwi lilikuwapo, wao hawakulijua.

"Mvumbuzi"? Kuvumbua nako ni kufichua kilichofichika, ila shule na magazeti wamekwisha kulipeleka kwenye mitambo. Nimechoka kugombana. Likikupendeza, andika.

Mimi nachagua "mbuni". Kubuni kumetoka kwenye Kiarabu, kwenye neno la kujenga, yatosha. Mhariri naye atazame wingi: mbuni wale wanakimbia, mibuni inazaa kahawa, wabuni wanachora mitambo. Tena hapa wabuni ni wawili, maana Hans von Ohain wa Ujerumani alibuni injini yake kivyake, ikarusha ndege Agosti 1939. Ya Whittle ilingoja hadi tarehe 15 Mei 1941, kule Cranwell, dakika 17 hewani.

Akishikilia bado, mwambie Whittle alikuwa rubani wa jeshi la anga. Mbuni huyu anaruka.