Kupe unaowaona kwa mbwa ni wachache, wengi wako ukutani

Masika ikishaisha huku kwetu Arusha majani yanapanda mpaka magotini na hapo ndio meseji zinaanza, mbwa wangu kajaa kupe nimpake nini. Karibu kila mtu anauliza dawa ya kupaka. Mimi huwa naanza kuuliza mambo mengine kabisa, banda limejengwa na nini, lina nyufa, mbwa analala wapi mchana, ng'ombe wa jirani wanapita wapi wakienda machungani, na najua maswali haya yanawachosha watu lakini nimefuga mbwa miaka mingi na nawaambia kwa nia njema, ukimtibu mbwa peke yake ukaacha anapolala, utanunua dawa mpaka uchoke.

Ngoja nieleze kwanini. Kupe wa mbwa, yule wa kahawia, anakula damu mara tatu tu maisha yake yote. Akitoka kwenye yai ana miguu sita, anapanda kwa mbwa ananyonya siku kadhaa alafu anadondoka, anajificha sehemu anajivua gamba anatoka na miguu nane, anapanda tena ananyonya anadondoka tena, anajivua anakuwa mkubwa, anapanda mara ya tatu, na jike akishashiba anavimba anakuwa wa kijivu anadondoka anaenda kutaga kwenye ufa. Na hatagi mayai ishirini thelathini, anataga maelfu, anaweza kufika hata 4,000 jike mmoja. Sasa piga hesabu mwenyewe, maisha yake karibu yote anaishi nje ya mbwa. Joto likimkubali anatoka kwenye yai mpaka anakuwa mkubwa ndani ya miezi miwili hivi. Na yule mkubwa mwenye njaa anaweza kukaa miezi na miezi bila kula akisubiri, ndio maana banda lililokaa tupu mda mrefu unaleta mbwa mpya baada ya wiki anakuwa kajaa.

Kitu kingine watu hawakijui, huyu kupe anapenda kupanda juu. Watu wanafagia chini wanamwaga dawa chini wanaridhika. Chukua tochi uangalie pembe za ukuta kule juu, kwenye kenchi, nyuma ya fremu ya mlango, kwenye mbao zilizopasuka, kwenye ripu iliyobanduka. Utawakuta wamejipanga.

Kwahiyo anza na banda. Toa magunia na matambara yote anayolalia uyachome, usifue, choma. Fagia mpaka kwenye pembe. Nyufa ziba na simenti, hii kazi ya siku moja ya fundi inakuokolea hela nyingi sana baadaye. Alafu piga dawa ya kupe kwa pampu, kuta zote mpaka juu, dari, mlango, na nje kuzunguka banda. Dawa nyingi haziui mayai, kwahiyo rudia baada ya wiki mbili hivi, na baada ya hapo tena, hata kama huoni kitu. Vaa glavu, funika pua, mbwa na kuku na watoto wakae mbali mpaka pakauke kabisa, na dawa iliyobaki usiimwage mtaroni wala karibu na kisima. Dawa za jamii ya pairethroidi, kama permethrini, zinaua samaki na nyuki vibaya mno, mwenye mizinga jirani yako muambie mapema.

Kuku wanasaidia, kweli wanadonoa kupe na nafurahi kuwaona wakizunguka uani, ila hawafiki kwenye kenchi.

Tukija kwa mbwa mwenyewe, siku hizi kuna vidonge vya kutafuna, vile vya afoxolaner unampa kila mwezi na vya fluralaner vinakaa mpaka wiki 12 kwa kupe wengi. Bei iko juu ukilinganisha na dawa ya kuogeshea, lakini kwa maoni yangu kama uwezo upo hapa ndio pa kutumia hela. Jambo la kuelewa ni kwamba kupe lazima aume kwanza ndio dawa imfikie, kwahiyo bado utawaona wamepanda, usianze kulalamika dawa feki, subiri, utawaokota wamekauka. Mbwa mwenye historia ya kifafa mwambie daktari wa mifugo kabla, dawa za kundi hili zinaweza kuleta degedege kwa baadhi ya mbwa. Mbwa mdogo sana naye ana umri na uzito wa kuanzia, muulize daktari na usome karatasi ya ndani ya boksi. Wale wachanga kabisa ni kutoa kwa mkono, kila siku, hakuna njia ya mkato.

Dawa ya kuogeshea ya amitrazi inafanya kazi vizuri tu, tatizo ni vipimo. Watu wanachukua dawa ya josho la ng'ombe wanakadiria kwa kifuniko cha chupa wanamwagia mbwa, mbwa analamba, jioni anatetemeka anatokwa na mate. Nenda duka la mifugo, sema ni ya mbwa, taja uzito wake, na upime kwa bomba la sindano.

Alafu jamani naomba sana, oili chafu ya gari isimguse mbwa. Najua mtaani inasifiwa, najua inaonekana inafanya kazi kwasababu kupe wanadondoka, lakini ile oili ina mabaki ya metali na kemikali za kila aina, inaunguza ngozi na mbwa anajilamba yote inaenda tumboni. Na mafuta ya taa ni hivyo hivyo. Mnyama hawezi kukuambia inauma.

Na mwenye paka asome hapa mara mbili. Permethrini, ambayo iko kwenye dawa nyingi za kudondoshea mgongoni kwa mbwa, kwa paka ni sumu inayoua. Mwili wa paka hauwezi kuivunja vunja kama wa mbwa. Amitrazi nayo usimpe. Hata ukimpaka mbwa alafu paka akalala naye bado dawa ikiwa mbichi ni hatari, watenganishe mpaka ikauke kabisa. Paka ana dawa zake zilizoandikwa paka, basi.

Kwa mbwa kagua kila akirudi matembezini, na kukagua sio kumpapasa mgongoni. Ingiza vidole katikati ya vidole vyake vya miguu, ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingoni, kwapani, kwenye kinena, chini ya mkia, kwenye kope. Mbwa akiacha kula, akawa na homa, fizi zikawa nyeupe, damu ikamtoka puani au mkojo ukawa wa kahawia, usisubiri kesho. Hizo ni dalili za ehrlichia na babesia, magonjwa ya kupe yote mawili, na mbwa aliyewahishwa mara nyingi anapona wakati aliyecheleweshwa wiki anaondoka huku unamuangalia. Hili linaniuma kwasababu nimeona mbwa wazuri wakifa na watu wakisema karogwa.

Sasa sisi watu. Wale tunaopenda kupanda vilima vya Monduli, kuzunguka ziwa Duluti, au tu kukata njia kwenye nyasi za machungani, kupe anatusubiri juu ya jani. Haruki na harukii mtu kutoka mtini, anapanda nchani mwa jani ananyoosha miguu ya mbele, na hewa unayopumua pamoja na joto lako ndio vinamwambia mtu anakuja, ukipita tu anashika nguo. Ila yule kupe wa ng'ombe mwenye rangi rangi mgongoni na miguu yenye mistari hana hata subira ya kukaa juu ya jani, anakuja anatembea mpaka ulipokaa. Kwahiyo ile tabia ya kutandika shuka pale kivulini ng'ombe wanapopumzikia mchana mimi siifanyi na wanangu hawaifanyi, kivuli kizuri lakini ndipo walipodondoka.

Vaa suruali ndefu, uichomeke ndani ya soksi, haipendezi kwenye picha lakini kupe anaanzia chini anapanda juu, na ukimziba chini anatembea juu ya nguo ambapo unamuona. Nguo za rangi nyepesi zinasaidia hapo hapo. Tembea katikati ya njia. Kwenye ngozi paka dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET asilimia 20 mpaka 30. Nguo na viatu unaweza kupulizia permethrini maalum ya nguo, ukaacha ikauke ndio uvae. Ni dawa ile ile iliyomo kwenye vyandarua vya Olyset ambavyo vimekuwa vikitengenezwa hapa hapa Arusha, kwahiyo sio kitu kigeni kwetu, ila inawekwa kwenye nguo sio kwenye ngozi, na kama nilivyosema paka akae mbali ikiwa mbichi.

Ukirudi oga mapema, ndani ya saa mbili hivi, na ukague mwili, kwapani, kinena, nyuma ya magoti, kitovuni, nyuma ya masikio, kiunoni pale mkanda unapobana, na kwenye nywele. Watoto wakague wewe. Kuna wale wadogo wasiozidi punje ya ulezi, hao ndio wanatuponyoka, ukiona kidoa cheusi ambacho jana hakikuwepo kiguse uone kama kina miguu. Nguo kuzifua kwa maji baridi hakuwaui, tumia maji ya moto au zianike jua kali zikauke kabisa kabla ya kuzirudisha kabatini.

Ukimkuta kashaganda, chukua kibano cha nyusi, mshike karibu kabisa na ngozi, kichwani sio tumboni, vuta juu taratibu bila kusokota mpaka aachie. Safisha kwa spiriti. Usimchome na kiberiti, usimpake mafuta ya taa wala vaselini, kupe akisumbuliwa anaweza kucheua ndani ya kidonda na hicho ndicho unachokikimbia. Kipande cha mdomo kikibaki usichimbe na sindano, ngozi itakitoa yenyewe. Na usimpasue kwa kucha, kwa ng'ombe wala kwa mbwa, damu iliyo ndani yake huijui. Wenzetu Uganda kwenye maeneo ya wafugaji wamekuwa wakipata wagonjwa wa homa ya Crimean-Congo, ile ya virusi inayotoa mtu damu, mara kwa mara, na kupasua kupe kwa mkono mtupu ni mojawapo ya njia za kuipata. Mtumbukize kwenye kichupa cha spiriti, andika tarehe.

Tarehe ina maana kwasababu homa haiji siku hiyo hiyo. Homa ya kupe ya huku kwetu inakuja baada ya wiki moja hivi, kichwa kinauma sana, mwili unachoka, tezi za karibu na ulipoumwa zinavimba, na pale alipouma panakuwa na kidonda chenye kigamba cheusi, wakati mwingine viwili vitatu. Na sasa wote tunajua kinachofuata, unaenda zahanati unapimwa malaria hamna, unaambiwa taifodi au UTI, unapewa dawa ambazo hazihusiani. Mwonyeshe daktari kile kigamba na utamke mwenyewe, niliumwa na kupe tarehe fulani sehemu fulani. Tiba yake ya kawaida ni doksisaiklini, dawa ya bei nafuu inayopatikana karibu kila duka, lakini aiandike daktari, hasa kwa mjamzito na mtoto.

Ndigana kali ya ng'ombe, ile inayoletwa na kupe, haimpati mtu, hilo naulizwa sana, kwahiyo usiogope kisa ndama wa jirani kafa nayo. Mwenye ng'ombe aulizie chanjo, ipo, na wafugaji wengi wa huku wanaitumia.

Na kwa ndugu zangu wa Dodoma na popote penye nyumba za tembe, kuna papasi. Naye ni ndugu wa kupe, ila hahitaji majani wala mbwa, anaishi kwenye nyufa za sakafu ya udongo na ukuta, anatoka usiku, ananyonya nusu saa au chini ya hapo, anarudi ufani, na asubuhi hujui kama uliumwa. Analeta homa inayokuja inaondoka alafu inarudi baada ya siku kadhaa. Sio ugonjwa wa kuchukulia poa, mwaka 1905 daktari Joseph Dutton alikuwa anauchunguza huko Kongo ukampata akafariki Kasongo, na bakteria anayeuleta mpaka leo anaitwa Borrelia duttonii. Kwa wajawazito ni hatari mno, mimba zinatoka na watoto wachanga wanafariki. Kile kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuuona, lakini damu ikiwekwa kwenye kioo cha darubini wakati homa imepanda huyo bakteria anaonekana, kwahiyo homa ikirudi rudi na malaria hamna omba wapime kwa darubini na useme unalala nyumba ya udongo.

Dawa yake kubwa ni ile ile ya banda, ziba nyufa. Kama simenti ya sakafu yote haiwezekani mwaka huu, anza na chumba anacholala mama mjamzito na watoto. Walale kitandani sio chini, kitanda kisiguse ukuta, chandarua kichomekwe chini ya godoro. Na mkihama, mikeka, magodoro na vitanda vya kamba vianze kutoka nje juani, kagua mishono na matundu ya mbao moja moja kabla hamjaviingiza nyumba mpya, maana papasi anahama na mizigo.