Michirizi ile ni sabuni iliyobaki

Kamwene, ndugu mhariri. Kamwene na wewe dada wa Njombe uliyetuletea swali la wiki hii. Umesema nyumba mliyoachiwa na wazazi ina sakafu ya mbao, na kila ukimaliza kupiga deki inabaki michirizi myeupe kama mtu amepitisha tambara lenye maziwa, zaidi ni upande wa dirishani. Sabuni umebadilisha mara tatu, hali ni ile ile. Sasa wanao wanakushauri mbao zing'olewe uweke vigae, nawe unatuuliza sisi wenye sakafu kama hiyo tunafanyaje.

Mimi naishi Mafinga. Kwa miaka 19 nilifanya usafi katika nyumba ya wageni ya shamba moja la chai huku Mufindi, nyumba ya zamani ambayo chini ni mbao tupu, kuanzia barazani hadi vyumba vya kulala. Nilipoacha kazi tulijenga kwetu, na mzee wangu, ambaye ni seremala, akaweka sakafu ya msindano sebuleni na katika vyumba viwili. Kwa hiyo swali lako nimelisoma nikiwa nimekaa juu ya mbao hizo hizo, na nilitamani ungekuwa jirani nije tushike tambara pamoja.

Jambo la kwanza nataka ulipokee moyoni, maana mengine yote yanatoka hapo: ile michirizi si uchafu ulioshindwa kuuondoa. Ni sabuni yako mwenyewe. Umeiweka, maji yakakauka, yenyewe ikabaki juu ya mbao pamoja na vumbi lililokwisha kuyeyuka ndani ya ndoo. Ndiyo maana kubadilisha sabuni hakujasaidia. Na ukiona michirizi ukaongeza sabuni ili ing'ae, kesho yake inazidi. Mimi nilizunguka katika duara hilo karibu mwaka mzima kabla mama mmoja mtu mzima, aliyenitangulia pale kazini, hajaninyang'anya kopo la sabuni na kuniambia, "Mwanangu, leo piga deki na maji matupu." Nilipiga deki na maji matupu siku ile, na maji ya ndoo yakatoa povu. Povu lile lilitoka sakafuni.

Jaribu na wewe. Chukua maji safi ya vuguvugu, kitambaa safi kilichokamuliwa vizuri, futa hatua 2 au 3 za sakafu, kisha kikamulie kwenye bakuli jeupe. Maji yakitoka mazito na yanateleza vidoleni, umeshapata jibu.

Sabuni zenyewe hazifanani. Ya mche, tunayofulia, ikikutana na maji yenye chokaa hufanya utando wa kijivu usioyeyuka, ule unaouona ukingoni mwa beseni. Kama birika lako la chai linafanya ukoko mweupe ndani, basi maji yako ni ya namna hiyo, na kwenye mbao tumia ya mvua uliyokinga. Sabuni ya unga ndiyo ninayoikataa kabisa, kwa sababu ina magadi ndani yake, hufubaza vanishi taratibu, na chembe ambazo hazikuyeyuka hukaa kwenye maungio ya mbao. Inayofaa ni ya maji, ile laini ya kuoshea vyombo, kijiko 1 cha chai kwa lita 5. Najua utaona ni kidogo mno. Povu kwenye ndoo halisafishi chochote, tumelizoea tu kwa kufua.

Sasa maji. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hapa niliharibu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini tuliambiwa wageni wanakuja, na mimi nilikuwa nimekulia nyumba ya saruji. Nikamwaga ndoo nzima sebuleni, nikasukuma kwa ufagio hadi mlangoni kama tunavyofanya nyumbani. Siku ile sakafu ilipendeza. Baada ya kama wiki mbili kingo za mbao zikaanza kuinuka, kila ubao ukajikunja katikati mfano wa mtumbwi, na ukipita peku unasikia matuta. Ubao ukinywa maji hutanuka upande wa upana, urefu haubadiliki sana. Maji yaliyopenya kwenye maungio yalikaa chini, upande wa chini ukavimba huku wa juu umeshakauka, basi mbao zikapinda. Ilichukua hadi kiangazi kikolee ndipo nyingi zikarudi, na chache hazikurudi mpaka leo. Niliumia, kwa sababu zilikuwa mbao za mninga zilizokaa pale kabla sijazaliwa.

Kwa hiyo kwenye mbao hatuoshi, tunapangusa. Tambara likamue kwa mikono miwili hadi uliinue lisidondoshe tone. Ukilipitisha, ule unyevu uonekane kama pumzi juu ya kioo na uwe umekauka ndani ya dakika moja au mbili. Ukiona dimbwi, hata la ukubwa wa sarafu, umezidisha.

Halafu kuna vumbi letu hili jekundu. Wewe wa Njombe na mimi wa Mafinga tunalifahamu, kuanzia Juni hadi mvua za Novemba linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Ukilipitia na tambara bichi kabla ya kulifagia unatengeneza tope jembamba na kulipaka chumba kizima. Fagia kwanza kwa ufagio wenye nywele laini, kisha pitisha kitambaa kikavu, ndipo uchote maji. Pale shambani tulikuwa na desturi ya kutawanya majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakiwa na unyevu kidogo, ili yakusanye vumbi lisiruke wakati wa kufagia. Kwenye saruji inafaa sana. Kwenye msindano usithubutu, ni mbao nyeupe na chai huacha doa.

Kama huwa unaingiza jiko la mkaa kuota moto miezi ya baridi, angalia na majivu yanayodondoka, mbali na kwamba chumba kilichofungwa chenye mkaa unaowaka kinaua watu. Majivu yakilowa yanakuwa magadi makali, na pale yalipodondokea vanishi itapauka. Yafagie yakiwa makavu, usiyafute kwa maji.

Namna ninavyofanya kwangu ni hii. Nina ndoo mbili, moja ya maji yenye ile sabuni kidogo, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia. Vitambaa ninavyo vitatu. Khanga kuukuu ya pamba ni nzuri kuliko dekio la kamba, kwa sababu dekio la kamba halikamuki vizuri. Nilinunua pia vile vitambaa vya maikrofaiba wanavyofutia magari, na kwa kukaushia sijaona mfano wake. Naanza kona ya mbali na mlango, nafuata nyuzi za mbao, sikati kwa kuvuka wala sizungushi duara. Michirizi iliyolala sambamba na nyuzi haionekani sana, ile iliyozivuka ndiyo inayopiga kelele mwanga wa dirisha ukiingia. Nafuta eneo linalonitosha mkono bila kusogeza magoti, nasuuza tambara kwenye ndoo ya pili, napitisha tena, kisha hapo hapo nakausha kwa kitambaa kikavu. Ndipo nasogea. Usiache chumba kizima kijikaushe chenyewe, maana kila tone linalojikausha linaacha kilichokuwa ndani yake.

Maji ya kusuuzia nabadilisha mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Sebule yangu si kubwa, na bado inakula ndoo tatu. Maji yakianza kuwa na rangi ya chai ya rangi, yamwage kwenye migomba.

Na saa ya kufanyia kazi hii ni muhimu huku kwetu kuliko Dar es Salaam. Mwezi Juni na Julai kunakucha na ukungu, na ukipiga deki saa moja asubuhi sakafu itabaki mbichi hadi jua litoke. Mimi nasubiri saa nne, madirisha yakiwa wazi. Lakini jua linalopiga moja kwa moja kwenye mbao nalo si rafiki, linakausha maji kabla hujawahi kuyafuta, na nadhani ndiyo sababu kwako hali ni mbaya zaidi upande wa dirishani. Vuta pazia upande huo ukifuta, ulifungue ukimaliza ili uone kazi yako. Piga magoti, inamisha kichwa uangalie sakafu kuelekea dirishani. Ukisimama wima hutaiona michirizi, mgeni aliyekaa kwenye kochi ataiona.

Kuondoa iliyokwisha kujaa miaka yote hiyo, usitumie kitu kikali. Maji matupu ya vuguvugu, kwa utaratibu huo huo, siku tatu au nne tofauti. Mbao zipate kupumzika katikati. Kama utando ni mgumu na mbao zina vanishi nzima, weka vijiko 4 vya chakula vya siki kwenye lita 5 za maji, pitisha mara moja, kisha futa kwa maji matupu na ukaushe. Siki ni asidi, ukiifanya ya kila wiki itaifubaza ile vanishi. Na tafadhali, siki isikutane kamwe na jiki kwenye ndoo moja. Hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu, na wengi tunafanya usafi watoto wakiwa mgongoni. Steelwire pia iache jikoni kwenye masufuria, chembe zake za chuma zikibaki kwenye mbao na maji yakazifikia zinakuwa vidoa vyeusi.

Lakini kabla ya siki ujue kwanza sakafu yako imepakwa nini. Dondosha tone la maji mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango kwa mfano, usubiri dakika chache. Likibaki limesimama kama umande kwenye jani la mgomba, vanishi bado ipo na yote niliyosema yanakuhusu. Likizama na ubao ukawa mweusi pale, kinga imekwisha, na hapo hakuna ufundi wa deki utakaokusaidia. Mwite fundi apige msasa na kupaka upya. Kisha kwangua kidogo kwa ukucha. Kikitoka kitu laini cha kunata kama mshumaa, ni nta, na nyumba nyingi za zamani huku nyanda za juu zilipakwa nta. Sakafu ya nta haipendi maji kabisa, yakiikalia inapauka na kuwa nyeupe, na huenda yale unayoyaita maziwa ndiyo hayo. Hiyo dawa yake ni kitambaa kikavu cha sufu na mkono wenye nguvu, unasugua hadi ipate joto na ing'ae.

Ukihitaji kuongeza nta, ya nyuki inapatikana kwa warina asali. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, kwa hiyo iweke kwenye kopo na kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiiweke juu ya moto wenyewe. Ikiyeyuka, itoe nje mbali na jiko, ndipo uchanganye sehemu 1 ya nta na sehemu 3 za tapentini. Tapentini yenyewe inatokana na utomvu wa misindano, na ukipita msitu wa Sao Hill hapa kwetu utaona miti imekwanguliwa gome na vikombe vimefungwa kukinga huo utomvu. Paka kidogo sana, sakafu isije ikateleza wazee wakaanguka. Matambara uliyotumia yatandaze nje yakauke, usiyafinyange kwenye ndoo nyuma ya mlango, kwa maana matambara ya mafuta ya namna hiyo yakirundikwa hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto.

Usipake nta juu ya vanishi. Siku ukitaka kupaka vanishi nyingine haitashika.

Kuhusu vigae, dada yangu, sina neno baya juu yavyo, bafuni kwangu vipo. Ila kaa asubuhi ya Julai uweke mguu peku kwenye kigae, halafu uuweke kwenye ubao. Wazazi wako waliijua baridi ya Njombe. Waombe wanao wakupe miezi miwili. Chukua chumba kimoja, kile kidogo kuliko vyote, ukifanyie kwa maji matupu Jumamosi saa nne, na Jumamosi inayofuata tena, bila tone la sabuni. Nunua gunia la katani uliweke mlangoni, na kila anayeingia avue viatu. Ukimaliza Jumamosi ya nne waite wanao, wapige magoti pale, waangalie kuelekea dirishani.