Kabla ya Kurusha Roketi Jangwani, Panga Itakavyoshuka

Mtu akisikia kwamba mimi na wanangu huenda Lucerne kurusha roketi za kujitengenezea, huanza na injini: ipi ina nguvu, ipi inafika juu zaidi, inauzwa bei gani. Namwelewa. Moto na mngurumo ndivyo vinavyovutia kwenye video. Lakini kama unajiandaa kuja kwa mara ya kwanza, nakusihi uanzie upande wa pili. Jiulize roketi yako itashukaje, itaangukia wapi, na nani atakuwa anaitazama inapoanguka. Ukishayajibu hayo, injini utaichagua kwa dakika chache.

Lucerne ninayoisema ni ziwa kavu katika Jangwa la Mojave, kusini mwa California, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Los Angeles. Ni ardhi ya umma, udongo wa mfinyanzi uliokauka ukawa tambarare kabisa, bila mti. Klabu ya roketi ya California, ROC kwa kifupi, hukutana pale Jumamosi ya pili ya mwezi. Juni na Novemba huwa na mkusanyiko mkubwa wa wikiendi nzima, ROCstock, na hapo utakuta mahema, magari ya kulala, wanafunzi wa vyuo vikuu, wazee waliostaafu na watoto wa shule ya msingi katika foleni moja.

Watu husafiri mbali hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni anga, ambayo klabu huiombea kibali kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Ya pili ni ardhi isiyo na mtu wala paa la nyumba chini ya roketi inayorudi, na hii ndiyo inayosahaulika. Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Wakenya walikuwa wanaadhimisha uhuru wao, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Pale palikuwa karibu na ikweta, na upande wa mashariki kulikuwa na bahari tupu ya kupokea chochote kitakachodondoka. Wanangu wamezaliwa huku, na hadithi hiyo nimewasimulia mara nyingi tukiwa njiani kwenda jangwani. Nataka wajue kwamba roketi si jambo la watu wengine.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Injini ndogo huandikwa maneno kama C6-5. Herufi inaeleza jumla ya msukumo, na kila herufi inabeba hadi maradufu ya ile iliyotangulia. Namba ya kwanza ni wastani wa nguvu, kwa kipimo cha nyutoni. Namba ya mwisho ni sekunde zinazopita tangu fueli iishe mpaka baruti kidogo iliyomo ndani iwake na kuitoa parachuti. Mgeni hutazama herufi. Mzoefu hutazama ile namba ya mwisho. Sekunde zikiwa chache mno, parachuti hutoka wakati roketi ingali inapaa kwa kasi. Zikizidi, hutoka ikiwa imeshaanza kuporomoka. Vyovyote vile, kamba inayoshika pua na mwili inaweza kukatika, au ikalipasua bomba la karatasi kuanzia mdomoni kama zipu. Unachotaka ni parachuti itoke kileleni, pale roketi inapokaribia kusimama. OpenRocket, programu ya bure, itakupa makadirio hayo ukiwa nyumbani, pamoja na kukuonyesha kama kitovu cha uzito kiko mbele ya kitovu cha mgandamizo wa hewa, yaani pale msukumo wa hewa unapoegemea, kwa angalau kipenyo kimoja cha bomba. Bila hilo roketi haiendi wima, na habari za parachuti hazitakuwa na maana.

Parachuti kubwa si lazima iwe bora. Hapa ndipo ninapoona wageni wengi wakipoteza roketi nzuri walizozijenga kwa wiki kadhaa. Chukua roketi iliyofika mita 600 na inayoshuka mita 5 kwa sekunde, mwendo mzuri wa kutua. Itakaa hewani dakika mbili. Upepo wa kilomita 16 kwa saa, ambao usoni utauona kama wa kuburudisha tu, utakuwa umeisukuma zaidi ya nusu kilomita. Ukiweka parachuti pana zaidi kwa kuihurumia, ongeza mwendo wa kwenda kuitafuta. Kwa roketi nyepesi sana mimi napendelea utepe mrefu badala ya parachuti: inashuka haraka, na udongo ule mkavu hauiumizi. Kwa zile za wastani, kata tundu katikati ya parachuti ili hewa ipite. Na zinazokwenda juu zaidi hufungua mara mbili: parachuti ndogo kileleni, roketi ianguke kwa kasi inayodhibitiwa, kisha kubwa ikiwa imebakiza mita 150 au 200, kwa amri ya altimita, kifaa kinachokadiria kimo kwa kupima mgandamizo wa hewa. Fanya hesabu mwenyewe uone umbali unavyopungua.

Kukunja nako kuna ufundi wake. Parachuti ya plastiki iliyokaa imekunjwa usiku kucha kwenye gari, katika baridi ya jangwa, hugandamana. Ikunjue asubuhi, ipake poda ya mtoto, uikunje upya dakika chache kabla ya kurusha. Chini yake weka karatasi zisizoshika moto, za kutosha, maana baruti ile haichagui. Kamba iwe ndefu, angalau mara tatu ya urefu wa roketi.

Kabla ya kwenda uwanjani utapita kwenye meza ya afisa usalama na kadi yako yenye maelezo ya roketi. Atavuta mapezi kwa vidole, atapima kama pua inatoka bila kukwama, atakuuliza uzito, injini na namna roketi itakavyorudi. Msimpe mtoto jibu la kukariri. Mwache aeleze mwenyewe. Maafisa niliowakuta ni watu wavumilivu, na mtoto akieleza roketi yake mbele ya mgeni mwenye ndevu nyeupe, anayemsikiliza kweli, anakua mbele ya macho yako.

Ukitaka injini za herufi H na I utahitaji cheti cha ngazi ya kwanza, kinachotolewa na mojawapo ya vyama viwili vikuu vya Marekani, NAR au Tripoli. Sharti lake linathibitisha ninachokuambia: hakuna kimo unachotakiwa kufika. Roketi ipae salama, ifungue parachuti, na irudi ikiwa katika hali ya kuweza kurushwa tena. Kwa hiyo mtihani huo ufanyie injini ndogo kabisa ya kundi la H, katika siku tulivu, na roketi pana yenye rangi kali unayoweza kuiona kwa macho mpaka juu.

Kwenye kurusha kwenyewe sitakaa sana, klabu itakuongoza. Kwa injini mpaka D watu husimama si chini ya mita 5, kubwa kuliko hapo mita 9, na zile za nguvu kubwa huanzia mita 30 kwenda juu. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia na isiwake, kata umeme na usisogee mpaka dakika moja ipite. Hiyo usiivunje hata kama foleni nzima inakusubiri.

Moto ukishawaka, kazi yako ni macho. Usitazame simu. Mpe mwingine arekodi. Mtazamaji mmoja asiondoe jicho kwenye roketi mpaka iguse ardhi, kisha abaki pale pale aliposimama na anyooshe mkono kuelekea ilikoangukia. Atafute alama kwenye milima nyuma yake: bonde, jiwe jeusi, ncha ya kilima. Mtazamaji wa pili asimame hatua mia moja hivi pembeni na afanye vilevile. Mistari ya mikono hiyo miwili inapokatana ndipo roketi ilipo. Tambarare ile inadanganya sana macho. Kitu kilicho mita 300 utaapa kiko mita 100, na mtu aliyeanza kutembea bila alama hujikuta anazunguka na jua kichwani. Rangi ya chungwa au ya waridi iliyokolea huonekana vizuri juu ya udongo ule. Nyeupe na ya kahawia humezwa.

Ukisikia watu wanapaza sauti kuwataka wote watazame juu, acha ulichoshika, simama, tafuta kinachoshuka. Roketi isiyofungua parachuti huja pua mbele na huzama ardhini. Ndiyo maana watoto wangu hawaruhusiwi kulala chini ya turubai wakati wa urushaji, wala kukimbilia roketi inayoshuka ili kuidaka, hata iwe ndogo kiasi gani.

Kwa anayekwenda kuitafuta roketi: maji mengi kuliko unavyodhani, kofia, viatu vilivyofunika vidole, mafuta ya jua hata kwetu weusi, kwa sababu udongo ule unarudisha mwanga usoni kutoka chini. Roketi ikiingia vichakani pembezoni mwa ziwa, tazama unapoweka mkono, Mojave ina nyoka wenye sumu. Mvua ikiwa imenyesha siku chache nyuma, usiingize gari mpaka klabu iseme pamekauka. Choo na chakula jitegemee. Sisi hubeba chupa ya chai na maandazi, na majirani wa hema la pili wameshayazoea.

Upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa hakuna kinachorushwa, kanuni ndivyo zilivyo, na Lucerne upepo huamka mchana. Kwa hiyo tunaondoka nyumbani alfajiri, mara baada ya swala, tuwe mezani kwa afisa usalama hewa ikiwa imetulia. Roketi ndogo hutangulia ili tuone upepo wa juu unaelekea wapi, kubwa ifuate. Mchana tunakunja turubai, tunaokota nyaya na vipande vya karatasi, na tunakagua kila parachuti iliyorudi kabla ya kuifungia. Iliyotobolewa na moto hutengwa hapo hapo, isije ikaingia kwenye roketi ya mwezi ujao.