Kiingereza nakisoma, mbona nikikisikia napotea?

SWALI: Nimemaliza kidato cha sita, Kiingereza nakisoma na kukiandika bila taabu. Lakini nikifungulia redio ya Waingereza nadaka neno moja moja tu. Kwa miezi mitatu sasa nasikiliza saa nzima kila usiku, na sioni tofauti. Nakosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Msamiati unao. Kinachokukwamisha ni sikio lililolelewa na Kiswahili, ambamo kila silabi hutamkwa ikatimia. Kiingereza hukazia maneno machache na kuyameza mengine. “What do you want to do?” ni maneno sita kwenye karatasi, lakini mdomoni hutoka kitu kama “wodyawonadu”. Wewe unasubiri maneno sita, hayaji, na ukiwa bado unayatafuta sentensi ya pili imeshapita.

Chukua “can” na “can't”. Wengi hutegea ile “t” ya mwisho, na mara nyingi haisikiki. Sikiliza irabu badala yake: katika “I can go”, “can” hubaki “kn” fupi isiyo na mkazo, katika “I can't go” irabu husikika nzima, na neno hukaziwa. Tena sisi tuna irabu tano tu, ndiyo maana “cat”, “cut” na “cart” zote hutuingia kama “kat”.

Ile saa nzima ya usiku ipunguze iwe dakika 20, kwa kuwa kusikiliza tu hakukuonyeshi ulipokosea. Tafuta kipande chenye maandishi yake kamili. BBC Learning English wanavyo vingi, bure. Kata sekunde 40 hivi. Sikiliza mara mbili bila kalamu, kisha jiandikie imla, kifungu kwa kifungu, ukirudia kila kifungu mara tano kwa wingi. Usilolipata acha pengo, usibahatishe. Ndipo ufungue maandishi na usahihishe kwa kalamu nyekundu.

Sasa yachambue makosa yenyewe. Neno usilolijua ni kazi ya kamusi. Neno unalolijua lakini hukulitambua ndilo la kushughulikia: cheza sehemu hiyo, useme pamoja na msemaji, ukimeza anapomeza. Mdomo ukishazoea kulimeza neno, sikio nalo huanza kulitambua. Kesho yake sikiliza tena bila karatasi.

Kasi ya 0.75 inafaa kwa kukagua palipokushinda, ila malizia kwa kasi ya kawaida; ukishusha zaidi sauti huvutika na utazoea matamshi ambayo hayatumiki popote. Maandishi yanayopita chini ya video yafunike hadi mwisho, la sivyo utakuwa unasoma tu, na kusoma tayari unajua.

SWALI: Nina IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, mwezi ujao. Nikikosa jibu moja, matatu yanayofuata yananipita pia.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Sehemu ya kusikiliza ina maswali 40 katika vipande vinne, kama dakika 30, na kila kipande huchezwa mara moja tu. Ndani ya kila seti, majibu kwa kawaida hufuata mpangilio wa maswali, kwa hiyo macho yako yakae kwenye maswali mawili kwa pamoja. Ukisikia jibu la 13 ilhali unasubiri la 12, la 12 limekwenda, liache. Mwishoni bahatisha, kwani jibu baya halikatwi alama.

Jihadhari na msemaji anayejisahihisha: anataja Jumanne, halafu “no, sorry, Thursday”. Jibu ni la pili. Kwenye tarakimu sikiliza mkazo: “thirty” huukazia mwanzo, “thirteen” ikisemwa peke yake huukazia mwisho. Maagizo yakisema jibu lisizidi maneno mawili, ukiandika matatu umekosa hata kama jibu limo humo. Tahajia nayo huhesabiwa, pamoja na “s” ya wingi.